Contra Haijaharibika: Kabla Hujanunua Gemu za Utotoni Kwenye Switch

Usiku wa kwanza nilipofungua Contra, ile gemu ya zamani ya askari na risasi, kwenye Switch Lite yangu, mashine ndogo ya Nintendo ya kushika mkononi, nilikufa mara tatu kabla sijaufikia ule ukuta wa mwisho wa raundi ya kwanza. Ni raundi ile ile niliyokuwa naimaliza nikiwa darasa la nne, sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga, huku mama akiniita nikakinge maji. Vidole vilikumbuka kila kitu: pale adui anapochomoza, pale daraja linapolipuka, pale kile kidude chenye silaha kinapokatiza angani. Lakini kila kitu kilinitangulia kidogo. Nikiruka, risasi imeshafika. Hata muziki wa msituni niliusikia kama unakimbizwa. Nikaizima kwa hasira, nikijiambia kwamba wameiharibu.

Nilichelewa kujua kwamba iliyokuwa na mwendo tofauti ni ile ya kwetu nyumbani.

Mashine tuliyocheza ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ya gemu ambayo Nintendo waliiuza Japani, zile zilizokuja na kaseti zinazodai zina gemu 9999, na ukizihesabu unakuta chache tu zinazojirudia kwa majina mapya. Televisheni zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, unaobadilisha picha mara 50 kwa sekunde, na mashine zetu zilienda kwa mwendo huo huo. Japani na Marekani walitumia NTSC, ambayo ni mara 60. Gemu nyingi za wakati ule hazikufuata saa, zilihesabu picha: picha moja, hatua moja ya mchezaji, hatua moja ya risasi. Kwa hiyo gemu iliyotungwa kwa picha 60 ikichezwa kwenye mashine ya 50 inapungua mwendo kwa karibu asilimia 17, kuruka, kuanguka na muziki vyote pamoja. Contra Anniversary Collection, mkusanyiko ambao Konami waliutoa mwaka 2019, umebeba ile Contra ya NES (jina la Famicom nje ya Japani) iliyouzwa Marekani mwaka 1988, na inaenda kwa 60. Kwa mikono iliyolelewa kwenye 50, hiyo ni kasi iliyoongezeka kwa asilimia 20.

Hapo ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo. Gemu ya zamani ikitolewa upya, ndani yake mara nyingi mna emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani ili gemu yenyewe ifanye kazi kama ilivyokuwa. Kabla hujatoa pesa, tafuta kujua ni toleo la nchi gani limewekwa, na kama unaruhusiwa kuchagua. Jambo hili limewaumiza watu hata upande wa pili. PlayStation Classic ya mwaka 2018, mashine ndogo ya Sony ya gemu za zamani, ilikuja na gemu 20, na 9 kati yake zilikuwa matoleo ya PAL ya mwendo wa 50. Wamarekani waliokua na Tekken 3 ya kasi wakaiona imezubaa. Nintendo walipoleta gemu za Nintendo 64 kwenye Switch mwaka 2021, waliwahakikishia wachezaji wa Ulaya kwamba zote zitapatikana kwa 60, na baadhi zitakuwa na toleo la PAL kwa anayetaka lugha nyingine. Na ndani ya mkusanyiko wa Contra ukikuta jina Probotector, usidhani ni ukoo mwingine wa gemu. Ulaya waliuziwa gemu za Contra kwa jina hilo, askari wakageuzwa roboti.

Mimi niliipa mikono wiki mbili. Kila jioni nilicheza raundi ya kwanza peke yake, sauti ikiwa juu. Nilichogundua ni kwamba sikio linazoea kabla ya kidole. Muziki ulipoacha kunisumbua, na kuruka kukaanza kukubali. Ukijaribu dakika kumi ukakata tamaa, utakuwa umeinyima gemu haki yake.

Ila kuna mambo ya mashine yenyewe ambayo mazoezi hayayatibu. La kwanza ni msalaba, ule wa kuelekeza juu, chini, kushoto na kulia. Switch ya kawaida ina vitufe vinne vilivyoachana kwenye Joy-Con (pedi ya pembeni) ya kushoto, na kidole gumba kikiteleza kutoka chini kwenda kulia kinakutana na pengo. Switch Lite ina msalaba halisi, na kwa gemu za aina hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Kasoro yake ujue mapema: haiunganishwi na televisheni, na mkiwa wawili lazima utafute pedi za pembeni.

Vitufe vya kulia navyo vikague. Kwenye pedi ya NES, B na A vililala sambamba, ukaweza kukandamiza kimoja kwa ncha ya gumba na kingine kwa kifundo. Kwenye Switch, B iko chini na A iko kulia, na gumba linajikunja vibaya. Tangu Aprili 2020 mipangilio ya Switch inakuruhusu kuhamisha kazi za vitufe. Mimi nafyatulia Y na kurukia B, na mkono umetulia.

Kuhusu kioo, usivute picha ijaze kioo kizima, kwa sababu gemu hizi hazikuchorwa kwa upana ule na kila mtu anakuwa mnene. Kioo cha Lite kina mistari 720 kwenda juu. Picha ya NES ina 240, kwa hiyo kila nukta inakua mara tatu kamili. Ya Game Boy, mashine ya zamani ya Nintendo ya kushika mkononi, ina 144, nayo inaingia mara tano kamili, kama vile walipimiana. Ukiona gemu ya Game Boy kwenye kioo kile, kila nukta imekaa mraba na safi, utaelewa kwa nini naacha ile mipaka myeusi ya pembeni bila kinyongo. Na tumia hedifoni za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti, na kwenye Contra sauti ni nusu ya macho.

Sasa pesa. Duka la mtandaoni la Nintendo, eShop, halina ukurasa wa Tanzania, kwa hiyo akaunti utaifungua kwa nchi nyingine, na kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi hiyo hiyo. Mimi niliuziwa mtandaoni kadi ya nchi isiyo ya akaunti yangu, na muuzaji hakupokea simu tena. Thibitisha nchi kabla hujatuma hela.

Halafu tofautisha kununua na kukodi. Nintendo Switch Online, huduma ya kulipia kila mwaka, ni dola 19.99 kwa mtu mmoja Marekani, na inakupa maktaba za gemu za mashine za zamani: NES, SNES na Game Boy. Ukitaka Nintendo 64, Mega Drive na Game Boy Advance, kifurushi kikubwa ni dola 49.99. Maktaba ni nzuri, lakini ukiacha kulipa zinafungwa, na hata ukiwa unalipa mashine inataka intaneti walau mara moja kila siku saba. Kwa mtu anayekaa kijijini wiki tatu, hilo linauma. Gemu niliyonunua moja kwa moja inafunguka hata mtandao ukiwa umepotea. Nayo usiichelewe, maana maduka hufungwa: Super Mario 3D All-Stars iliondolewa sokoni Machi 31, 2021, miezi sita tu baada ya kutoka, na duka la 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo iliyotangulia Switch, liliacha kuuza Machi 27, 2023.

Idi iliyopita nilikwenda Tanga na Lite yangu. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha Contra, aliipokea, akaigeuzageuza, akauliza kama inakula betri gani. Nikamfungulia. Skrini ya mwanzo ilipotokea, gumba lake likaenda lenyewe: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ile siri ya zamani ya kupata maisha 30. Akacheka kwa sauti. Nusu dakika baadaye alikuwa amekufa mara nne.

"Mdogo wangu, hii kitu mbona ina haraka?"

Nikamwambia kuhusu 50 na 60. Akanisikiliza, macho kwenye kioo. Kabla sijalala alikuwa ameshafika kwenye maporomoko ya maji, amebakiza maisha sita, na ameniomba niiache hadi Jumapili.