Mianga ya kaskazini: mama aje lini?

SWALI: Shangazi, tunaishi Stockholm. Mama anakuja Juni kutoka Tanga, tunataka kumpeleka Tromsø, Norwe, akaone mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayocheza angani usiku. Siku mbili zatosha?

JIBU: Mwanangu, Juni hapana! Tromsø jua halizami kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Julai, na bila giza hamtaona kitu. Kama tiketi inabadilika, mama aje mwishoni mwa Septemba: usiku umerudi, baridi haijawa ya kuumiza.

Tena msiende Tromsø. Ni pwani, mawingu mengi. Pandeni treni ya usiku hapo hapo Stockholm hadi Abisko, kijiji cha kaskazini kabisa mwa Uswidi, ambako milima huzuia mawingu na anga huwa wazi mara nyingi.

Siku mbili ni chache, kaeni nne. Mimi nilikesha Abisko usiku wa kwanza, wa pili, bure. Wa tatu, saa tano, utepe wa kijani ukatanda juu ya ziwa, ukayumba kama kanga kwenye kamba. Nililia. Kijani kile ni oksijeni inayogongwa na chembe za jua, kilomita 100 na zaidi juu yetu.

Mama mnunulieni soksi za sufu na viatu vyenye nafasi. Miguu ndiyo huganda kwanza.