Watafiti wanataka kutumia mashamba yetu

SWALI: Watafiti wa chuo kikuu wanaomba kujaribu mbegu mpya za mahindi kwenye mashamba yetu. Waliotangulia walipima, wakaondoka, na matokeo hatukuyaona. Safari hii tukubaliane nini?
– Katibu wa kikundi cha wakulima, Mbozi

JIBU: Ndugu Katibu, mazungumzo yaanze kabla mbegu hazijachaguliwa. Jaribio likishapangwa chuoni, ninyi mnabaki na kazi ya kupalilia tu. Ombeni mpango wa "mama na watoto", uliotumika Malawi tangu miaka ya 1990. Jaribio mama lina mbegu zote, zikiwa zimerudiwa mara kadhaa, na husimamiwa na mtafiti. Watoto ni mashamba yenu: kila mkulima huchukua mbegu mbili au tatu azipendazo, akazipanda pamoja na ile aliyoizoea.

Hiyo aliyoizoea ndiyo huonewa. Mbegu ya mtafiti hupewa udongo mzuri na palizi ya mapema, ya nyumbani ikasukumiwa kando ya kichuguu. Mwishoni mnakuwa mmepima udongo, si mbegu. Gawanyeni ploti kwa kura, pandeni zote siku moja, mbolea na palizi ziwe sawa. Epukeni kivuli na mahali palipokuwa zizi.

Ploti moja iwe na mistari 6 ya mita 5, sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, mche mmoja kwa shimo. Wakati wa kuvuna, msipime mistari miwili ya pembeni wala mche wa mwisho kila ncha, kwani huathiriwa na ploti jirani. Zinabaki mita za mraba 13.5. Pukuchueni, pimeni uzito na unyevu. Uzito mara 300 ni kilo kwa ekari. Kisha toeni unyevu kwenye 100, jibu mlizidishe kwa kilo hizo, mgawanye kwa 87, mpate uzito wa mahindi yenye unyevu wa asilimia 13. Kilo 6 zenye unyevu wa asilimia 22 ni kama kilo 1,614 kwa ekari, si 1,800. Mkiruka hatua hii, mbegu inayochelewa kukauka itashinda bila haki.

Makubaliano yaandikwe: nani ananunua mbolea, mavuno ni ya nani, mbegu isipozaa nani anafidia. Kikao cha matokeo kiwe na tarehe, kabla watu hawajanunua mbegu za msimu unaofuata, na gharama yake iwe ndani ya bajeti ya mradi tangu mwanzo. Fedha nyingi huishia kwenye kuvuna. Ugali nao upikwe, na waonjaji watoe alama kabla ya kusomewa uzito.