Aina Moja ya Kingamwili kwenye Damu ya Mtoto Ina Maana Gani?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 9, aligundulika kuwa na kisukari aina ya kwanza mwaka jana, baada ya kulazwa akiwa hajitambui. Juzi tulishauriwa kumpima mdogo wake wa miaka 4, na majibu yakaonyesha kwamba ana kingamwili za GAD, ilhali sukari yake ni ya kawaida. Je, binti yangu tayari ni mgonjwa? Halafu, kaka yangu wa miaka 42, ambaye anatibiwa kisukari aina ya pili kwa vidonge, naye ametakiwa kupima kingamwili hizo hizo. Kwa nini?
Mama wa wawili

JIBU: Pole sana, mama, kwa yaliyompata mwanao mkubwa. Kwa kipimo hicho kimoja, hatuwezi kusema kwamba binti yako ni mgonjwa.

Kwa kawaida kingamwili hutengenezwa ili kupambana na vijidudu vinavyouvamia mwili. Katika kisukari aina ya kwanza, mfumo wa kinga hukosea na kuziona seli za beta za kongosho, yaani zile zinazotengeneza insulini, kuwa ni adui. Kazi ya kuziua seli hizo hufanywa zaidi na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Kingamwili tunazozipima ni dalili tu kwamba ugomvi huo umeanza, nazo huweza kuonekana miezi au hata miaka mingi kabla sukari haijapanda. Zinazopimwa zaidi ni za aina nne: dhidi ya insulini yenyewe, na dhidi ya protini tatu zilizomo katika seli za beta, yaani GAD, IA-2 na ZnT8; kingamwili dhidi ya ZnT8 ziligunduliwa mwaka 2007.

Jambo la kuzingatia ni idadi ya aina hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowafuatilia watoto 13,377 wa Marekani, Finland na Ujerumani waliozaliwa na hatari ya kurithi, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa na aina mbili au zaidi, takriban asilimia 70 walipata kisukari ndani ya miaka 10 tangu kingamwili zilipojitokeza, lakini kati ya waliokuwa na aina moja tu, waliokipata walikuwa kama asilimia 15. Ndiyo maana mtu mwenye aina mbili au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatua ya kwanza ya ugonjwa hata kama sukari yake haina kasoro. Hatua ya pili ni pale sukari inapoanza kuyumba, na ya tatu ni kisukari chenyewe.

Binti yako hajaingia katika hatua hizo. Kwanza kipimo kirudiwe kwa damu nyingine, kwani majibu ya mara moja huweza kupotosha, na wapo watoto ambao aina hiyo moja hutoweka yenyewe. Ikithibitika, apimwe kingamwili na sukari walau mara moja kwa mwaka. Katikati ya vipimo, mwangalie: mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, akawa anaamka usiku kuomba maji na nguo zinampwaya, apimwe sukari siku hiyo hiyo, wala msisubiri miadi. Naona hiyo ndiyo faida kubwa ya kujua mapema, kwamba asifikishwe hospitali akiwa katika hali aliyofikishwa nayo kaka yake. Tangu Novemba 2022 Marekani imeidhinisha pia dawa iitwayo teplizumabu, ambayo huchelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili, lakini wakati huo iliidhinishwa kwa walio katika hatua ya pili na waliofikisha miaka 8; binti yako hayumo katika hatua hiyo, kwa hiyo kwa sasa haimhusu.

Kuhusu kaka yako, wapo watu wazima wanaopewa jina la kisukari aina ya pili kwa sababu ya umri wao tu, kumbe kinga yao inalidhoofisha kongosho polepole. Daktari huanza kushuku hivyo anapomwona mgonjwa mwembamba ambaye vidonge vinashindwa kuishusha sukari yake mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kwa watu wazima kingamwili za GAD ndizo hutangulizwa, na zikipatikana, huenda akahitaji insulini mapema. Zile za insulini hazina maana kwa aliyekwisha kuchomwa sindano za insulini kwa wiki kadhaa, maana mwili huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe.

Kaka yako asipokutwa na kingamwili, bado shaka haijaisha, kwani baadhi ya wenye kisukari aina ya kwanza hawaonyeshi kingamwili yoyote. Hapo aulizie kipimo cha peptidi C, ambayo kongosho huitoa sambamba na insulini yake, na ambayo haimo katika insulini ya sindano, hivyo huonyesha kama kongosho lake bado linatengeneza insulini.