Kuhusu kubebwa: jibu kwa ndugu aliyesema alisoma kwa jasho lake

Ndugu, umeandika kwamba ulitoka katika familia ya kawaida, ukasoma kwa jasho lako hadi ukapata shahada na kazi mjini Kampala, na kwamba wanaozungumzia upendeleo wanatafuta visingizio tu, kwa kuwa wewe hukubebwa na mtu. Sina shaka na jasho lako. Mimi pia niliwahi kusema maneno hayohayo, tena kwa kelele zaidi yako, na nitakueleza kilichonifanya niyaache.

Nilizaliwa Busia, hatua chache kutoka mpaka wa Uganda na Kenya, ambako baba aliuza mitumba na mama alilima. Niliingia Makerere mwaka 1996. Tangu mwaka 1990 chuo kilikuwa kikiwaongezea wasichana alama 1.5 wanapoomba nafasi, jambo ambalo sisi wavulana tulilichukia mno, na usiku bwenini tulihesabu ni rafiki zetu gani waliokosa kozi walizozitaka kwa sababu ya alama hizo. Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani na malalamiko hayo, nikamweleza dada yangu aliyenitangulia kwa miaka miwili, nikitarajia aniunge mkono. Badala yake aliniuliza nilikuwa nikisoma kuanzia saa ngapi nilipokuwa sekondari. Nikamjibu kwa fahari kwamba nilianza saa kumi na moja jioni nikaendelea hadi saa nne usiku. Akaniuliza yeye alikuwa wapi saa hizo.

Nilijua alikokuwa. Alikuwa kwenye foleni ya pampu na jerikani ya lita 20, kisha jikoni, kisha akiwaogesha wadogo zetu, na alipomaliza kuosha vyombo, kandili pekee ya nyumbani ilikuwa juu ya meza yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa "ninasoma". Yeye pia alikuwa mwanafunzi, na katika hisabati hakuna siku niliyomshinda. Alipomaliza kidato cha nne mwaka 1992, baba alisema karo iliyopo ilitosha mtoto mmoja. Hapakuwa na kikao wala ugomvi. Hakuna aliyetaja jina la mtoto huyo, kwa kuwa sote, yeye akiwemo, tulikwisha kumjua.

Ndiyo maana nasema kwamba kubebwa kwangu masomoni hakukuwa bahasha wala simu ya mkubwa. Kulikuwa kazi nilizoachiwa nisizifanye, na ni vigumu sana mtu kukumbuka kazi ambayo hakuifanya. Kinachoniuma zaidi ni kwamba zile alama 1.5 nilizozipigia kelele hazikuweza kumfikia dada yangu hata kidogo, kwa kuwa zilimsubiri msichana mwishoni mwa kidato cha sita, naye aliachwa njiani miaka miwili kabla. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza mwaka 1997 kwa watoto wanne kwa kila familia, serikali iliagiza kwamba wawili kati yao wawe wasichana pale walipokuwepo. Nadhani aliyeandika sharti hilo alizijua nyumba kama yetu. Sekondari bila karo ilikuja mwaka 2007, wakati dada alikuwa na watoto wake mwenyewe wa kupeleka shule.

Utaniambia kwamba nawe ulinyanyaswa. Naamini, kwa sababu hata mimi nilinyanyaswa. Mtu kutoka mpakani aliyefika Kampala miaka ile akizungumza Kiswahili alitazamwa kama askari au mwizi, na kwa kuwa Luganda changu kilikuwa cha kuokoteza, nililipa bei ya mgeni sokoni na nikanyimwa chumba mara mbili. Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini wenye nyumba hawapangishi kwa kufuata katiba. Hata hivyo, mateso hayo hayakufuta kandili ile. Mtu mmoja anaweza kusukumwa huku na kubebwa kule, na anachokisimulia maisha yake yote ni kule kusukumwa.

Niliyaona tena nyumbani kwangu shule zilipofungwa mwezi Machi 2020, zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Binti yangu alisoma kwa simu, tena kwa kulalamika kwamba intaneti ilikuwa ya polepole. Mtoto wa jirani, wa darasa lake, alikuwa na redio yenye betri zilizokufa, akaenda kufyatua matofali, na shule zilipofunguliwa hakurudi. Majirani walisema hapendi shule.

Umeuliza kama unatakiwa kurudisha shahada yako. Sioni ingemsaidia nani. Mimi nimejizoeza jambo dogo tu: kila nikipewa kazi ya kuchagua vijana wa mafunzo ofisini, nauliza ni nani kati yao aliyeletwa na mjomba, kwa sababu mimi nililetwa kazini na mjomba, na kwa miaka mingi nilisimulia kwamba niliomba nafasi nikapata.

Nina swali moja kwako. Umetaja kwa kupita tu kwamba wakati wa masomo uliishi kwa shangazi yako, mtaa wa Ntinda, Kampala. Nani alikuwa akifua nguo zako?