Sushi, Novemba 23, na shukrani niliyoichelewesha miaka 6

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Dodoma alinitumia ujumbe. Amepata nafasi ya kusoma Japani, anaondoka mwakani mwezi wa tatu, na baada ya shikamoo akaenda moja kwa moja kwenye linalomnyima usingizi: "Dada, nasikia huko samaki wanaliwa wabichi. Mimi hata dagaa wa kukaanga nachagua. Nitaishije?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili nikashindwa, kwa sababu swali lako limenikuta nimetoka kulimaliza jambo lililonikaa kifuani miaka 6. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome. Najua mko wengi mnaojiandaa, na najua hamtaki cheti peke yake. Mnataka kuiona dunia na kula vya dunia, kama nilivyotaka mimi.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu samaki ananunuliwa soko la Deep Sea asubuhi, adhuhuri yuko kwenye nazi. Changu, kolekole, jodari, pweza, wote nawajua kwa jina na kwa mkono. Nilipofika Kobe, Japani, kusoma, Oktoba 2017, niliamini hakuna mtu wa kunifundisha kitu kuhusu samaki. Habari za kutafuta chumba, kufungua akaunti ya benki na kupambana na herufi zao naziruka, utayapitia mwenyewe. Twende Novemba 23.

Tarehe hiyo Japani ni sikukuu. Wanaiita Kinro Kansha no Hi, siku ya kuiheshimu kazi na ya watu kushukuriana. Iliingizwa kwenye sheria ya sikukuu mwaka 1948, lakini tarehe yenyewe ni ya zamani kuliko sheria hiyo: ni siku ya Niinamesai, ibada ya mavuno ambayo mfalme wao hutoa mchele mpya kama sadaka kabla ya yeye mwenyewe kuuonja. Siku hizi watoto wa chekechea huchora kadi wakawapelekea polisi na zimamoto. Mwaka ule iliangukia Alhamisi ya nne ya mwezi, yaani siku ileile Wamarekani wanapofanya sikukuu yao ya shukrani na bata mzinga. Maabara yetu ilikuwa na Mmarekani mmoja, na wiki nzima alikuwa mnyonge kwa kukosa bata mzinga na kukosa nyumbani. Profesa wetu akatutazama, akasema siku ni ya shukrani kwenu na kwetu, nitawapeleka Akashi mkale sushi. Sushi ni wali wa siki unaoliwa na kitoweo, mara nyingi kipande cha samaki mbichi juu yake.

Akashi iko karibu, kutoka Sannomiya, katikati ya Kobe, ni kama robo saa kwa treni ya haraka, na mlangobahari wake una mkondo mkali. Wenyeji wanasema mkondo huo ndio unaomkomaza pweza wao miguu, hata akitolewa majini anasimama. Mgahawa tulioingia ulikuwa na viti 8 tu, vyote vimepangwa mbele ya ubao mmoja mrefu wa mbao, na nyuma yake mzee amevaa kilemba cheupe. Hakukuwa na menyu. Mzee anakata samaki, anachota wali kidogo kwa vidole, anaufinyanga kiganjani mara mbili tatu, anakuwekea mbele yako, juu ya ubao ule ule. Wanasema mwanafunzi wa kazi hii hupika wali miaka 3 na kufinyanga miaka 8 kabla hajaitwa fundi. Mimi hayo sikuyajua.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha samaki anayeitwa tai, ambaye ukimwona mzima utasema ni ndugu wa changu. Wenzangu waliunganisha viganja, wakasema "itadakimasu", neno lao la shukrani kabla ya kula. Mimi nikasema bismillahi kimoyomoyo. Kisha nikachukua kipande kile nikakizamisha chote kwenye mchuzi wa soya, wali chini, kama ninavyochovya mkate kwenye chai. Wali ukasambaratika. Nikaokota nilichoweza kuokota nikatia mdomoni. Samaki alikuwa wa baridi, mgumu kidogo, na hana ladha yoyote niliyoitegemea. Papo hapo likanijia wazo jingine: huu wali una nini ndani? Nilikuwa nimesikia kwamba Wajapani hutia pombe ya mchele kwenye mapishi mengi. Nikavuta karatasi, nikatema. Karatasi ile nikaiweka juu ya ubao, pale pale mzee alipokuwa akiweka chakula kwa mkono wake.

Hakusema neno. Aliiondoa, akafuta ubao, akaendelea na wengine. Profesa akaniagizia bakuli la supu. Nilikaa saa nzima nikitazama wenzangu wakila.

Kulikuwa na Mtanzania mwenzetu mezani. Kabla hatujafika stesheni, habari ilikuwa tayari kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa huku, na kwa miaka mingi baadaye nilipoingia kwenye shughuli yoyote kulikuwa na mtu wa kuuliza kama leo nitatema. Sijamsamehe kwa wepesi. Wewe ukimwona mwenzako ameaibika ugenini, mfunike. Sote tuko mbali na mama zetu.

Lakini hilo halikuniuma kama lililokuja Machi 2018. Nilikwenda kwa katibu wa maabara kufuatilia karatasi zangu, na katikati ya mazungumzo akaniambia, kama mtu anayedhani najua, kwamba profesa alimpigia simu yule mzee mara mbili kabla ya sikukuu. Alimweleza kuna mgeni Mwislamu. Mzee akapika wali wangu kwenye chungu cha peke yake. Siki akaichanganya mwenyewe, siki ya mchele, sukari na chumvi basi, kwa sababu chupa aliyozoea kutumia ilikuwa na mirin, ile pombe tamu ya kupikia. Hata mchuzi wa soya uliowekwa mbele yangu ulikuwa tofauti na wa wenzangu, kwa kuwa baadhi ya soya za dukani huongezwa spiriti. Yote kwa ajili ya mtu mmoja asiyemjua, na hakuna aliyenitangazia, kwa sababu kwao mema hayatangazwi mbele ya mgeni. Mimi nikatema bila kuuliza swali hata moja.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo: uliza. Sijui neno jingine la kukupa lenye faida kama hilo.

Kuuliza nilifundishwa na dada mmoja wa Indonesia, tuliyekutana msikiti wa Kobe. Ni msikiti wa mwaka 1935, mkongwe kuliko yote Japani, ulibaki umesimama mabomu ya 1945 yalipoteketeza mji na tetemeko la 1995 lilipouangusha. Baada ya swala ya Ijumaa akanifundisha maneno manne: "Mirin haitte imasu ka?" Yaani, mirin imo? Yaandike kwenye simu yako sasa hivi. Akanipeleka na kwenye sushi ya mkanda, ambayo haina fundi wa kumwogopa: sahani zinapita mbele yako juu ya mkanda unaozunguka, unachukua unayoitaka. Aliyeibuni ni Yoshiaki Shiraishi wa Higashiosaka, mwaka 1958, baada ya kuona mikanda ya kubebea chupa kwenye kiwanda cha bia, na maonyesho ya dunia ya Osaka ya 1970 ndiyo yaliyoieneza. Enzi zangu za uanafunzi sahani ilikuwa yeni 108 pamoja na kodi. Hapo ndipo nilipojifunza, sahani moja moja, miezi na miezi.

Nilianza na pweza. Hili ndilo jibu lako halisi, mdogo wangu: si kila sushi ni mbichi! Pweza huchemshwa kabla. Kamba wa kawaida amechemshwa. Kuna kitoweo cha yai lililokaangwa, ila hilo uliza, mara nyingi lina mirin. Kuna sushi ya tango iliyoviringishwa kwa mwani, na mwani wenyewe usikutishe, akina mama wa pwani yetu wanaulima aina nyingine kila siku. Pweza kwa Kijapani anaitwa tako, neno ambalo Mswahili mwenye adabu atalisita, basi mwonyeshe kwa kidole mpaka uzoee. Na ukisikia "saba" usidhani wanahesabu sahani, ni jamaa wa kibua huyo. Kutoka kwa pweza nikahamia samoni, kutoka samoni nikafika kwa jodari, na siku niliyokula jodari mbichi nikafumba macho kwa utamu, nilimpigia mama simu usiku ule ule.

Onyo moja la kweli, msije mkaniletea msiba. Msikate samaki wa sokoni nyumbani mkamla mbichi kwa kuwa dada wa Kobe kasema ni mtamu. Samaki wa baharini hubeba minyoo, kibua na jamaa zake hasa, na siki au chumvi haiwaui. Kinachowaua ni moto, au kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Wenzetu hawa wana ujuzi na mfumo wa baridi tangu chomboni mpaka sahanini.

Mengine ni madogo. Geuza kipande, chovya upande wa samaki na si wali. Kula kwa mkono inaruhusiwa, na sisi wa kula kwa mkono hatushindwi hapo. Kitie chote mdomoni mara moja. Tangawizi ni ya kusafisha ulimi kati ya samaki na samaki. Ukila kwa vile vijiti vyao, usimpokeze mtu chakula kijiti kwa kijiti, maana ndivyo wanavyopokezana mifupa ya marehemu wao baada ya kuchoma maiti. Na kabla ya yote, uliza.

Profesa alistaafu 2021. Kwenye kumuaga nilimshukuru kwa maneno ya kawaida, ya masomo. La sushi sikuligusa, aibu ilinibana koo. Nalijutia mpaka leo. Sisi tumelelewa kusema bismillahi tukianza na alhamdulillahi tukimaliza, na tunamshukuru Mungu vizuri kabisa, kisha tunainuka bila kumtazama aliyepika. Nimeona wenzetu wengi huku wanalishwa, wanapokelewa, wanafanyiwa wepesi, na midomo yao imejaa malalamiko ya baridi na ubaguzi. Baridi ipo, ubaguzi upo, nimeuonja. Lakini mtu aliyekupikia chungu cha peke yako naye yupo, na anazeeka.

Mwaka huu wa 2023 kalenda imerudi ilipokuwa: Novemba 23 imeangukia tena Alhamisi ya nne. Nikaona sina tena kisingizio. Nikapiga simu Akashi mwenyewe, nikauliza kuhusu siki, nikaweka nafasi ya watu watatu, mimi na wanafunzi wawili wapya, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Morogoro. Nyuma ya ubao sasa amesimama mtoto wake. Mzee amekaa kwenye kiti pembeni, bila kilemba.

Nilimweleza yote kwa Kijapani nilichokifanyia mazoezi wiki nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hakumbuki. Si tukio, si karatasi, si mimi. Miaka 6 nimebeba kitu ambacho mwenyewe hana habari nacho, na nakiri hapo moyo uliniuma kidogo. Ila wali wa bila mirin alikuwa anaukumbuka. Akauliza, ulikuwaje? Nikamwambia ukweli, sikuuonja.

Akainuka. Akanawa mikono, akamsogeza mwanawe kwa bega, akanifinyangia kipande kimoja cha pweza. Vidole vyake vinatetemeka siku hizi, wali haukukaa sawa. Nilikichukua kwa mkono nikakila chote. Kijana wa Mombasa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, mbona walia?" Nikamwambia ale kwanza.

Mdogo wangu wa Dodoma, ukitua uwanja wa ndege wa Kansai nijulishe. Panda basi la uwanjani linalokwenda Sannomiya, nitakuwa nimesimama kituoni. Tutaanza na pweza.