Doa la Jua mbona halishuki kwenda ikweta?

SWALI: Mwalimu, nina darubini ndogo, narusha taswira ya Jua kwenye karatasi nyeupe. Nimesoma kwamba madoa ya Jua huhama kutoka latitudo za juu kwenda ikweta ya Jua. Nimelifuata doa moja siku tisa. Limekata duara kwenda upande wa pili, lakini ikweta halikuisogelea. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hujakosea, ndugu yangu. Doa huishi siku chache, kubwa sana labda wiki kadhaa, na muda wote huo halitoki sana kwenye latitudo yake. Mwendo uliouona ni wa Jua lenyewe likijizungusha, kama siku 27 kwa sisi tulio duniani. Kinachohama ni mahali yanapochomoza madoa mapya. Wafikirie wachoma mahindi: kila jioni anakuja mwingine, anatega jiko hatua mbili karibu zaidi na stendi. Mwezi ukiisha utasema mahindi yamehamia stendi, na hakuna jiko lililotembea.

Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mzunguko huo ukianza, huchomoza nyuzi 30 hivi kutoka ikweta, kaskazini na kusini. Kwenye kilele, yanapokuwa mengi zaidi, huwa nyuzi 15 hivi, na miaka 11 ikikaribia kutimia yako chini ya 10. Richard Carrington wa Uingereza aliligundua hilo kwenye vipimo vyake vya miaka ya 1850, Mjerumani Gustav Spörer akaliendeleza. Mwaka 1904 Annie na Walter Maunder, mke na mume, walichora latitudo za madoa mwaka kwa mwaka, wakapata umbo la vipepeo waliopangana. Mimi bado sijaona grafu nzuri kuliko hiyo katika fani yetu.

Vipepeo hao hupandana kidogo: madoa ya mzunguko mpya huanza kule juu wakati ya zamani yanamalizikia karibu na ikweta. Tunayatofautisha kwa sumaku: madoa mara nyingi huja jozi, moja likiwa na ncha ya kaskazini ya sumaku na jingine ya kusini, na jozi za mzunguko mpya huwa zimegeuza mpangilio huo.

Sasa michoro yako. Kwetu huku asubuhi, ukitazama mashariki, kaskazini ya Jua iko mkono wa kushoto. Jioni, ukitazama magharibi, iko kulia. Ukichora leo saa 3 asubuhi na kesho saa 10 jioni, doa litaonekana limeruka. Iache darubini imetulia, taswira iteleze yenyewe: inakoelekea ndiko magharibi. Kumbuka pia mhimili wa Jua, tunavyouona kutoka duniani, huegemea upande hadi nyuzi 26, kutegemea mwezi wa mwaka, na mapema Machi na Septemba njia ya doa hupinda kama upinde. Mapema Juni na Desemba hunyooka.

Jicho usilitie kwenye lenzi hata mara moja. Andika latitudo ya kila kundi jipya siku unapoliona kwanza, kisha liache lijiendee. Fanya hivyo miaka mitatu, minne.