Tiba ya nafsi na utamaduni wa mgonjwa: maswali yenu

Wiki hii wengi mmeuliza jambo moja kwa sura tofauti: tiba ya kisaikolojia iliyobuniwa kwa watu wengine inatufaa vipi sisi? Nimechagua maswali machache.

Mimi ni mnasihi. Nimetafsiri mwongozo wa tiba ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, nikabadilisha majina na picha. Je, haitoshi?

Umeanza na sehemu iliyo rahisi. Mwaka 1995 Guillermo Bernal na wenzake wa Puerto Rico walitaja mambo 8 ya kuangaliwa: lugha, watu, semi, maudhui, dhana, malengo, mbinu na mazingira. Wengi huishia kwenye lugha na picha kwa kuwa ndizo zinazoonekana. Mimi ningeanza na malengo: huyu mtu anataka apone ili afanye nini?

Tazama walichofanya Atif Rahman na wenzake vijijini Pakistan, kwa wajawazito wenye sonona. Hakuna aliyebisha hodi akasema amekuja kutibu maradhi ya akili. Waliokwenda ni wahudumu wa afya wanawake ambao tayari walikuwa na mazoea ya kupita nyumba kwa nyumba, na mazungumzo yalihusu afya ya mama na ukuaji wa mtoto. Mama mkwe ambaye pengine angekataa mkaza mwanawe "atibiwe akili" hakuwa na sababu ya kumkatalia mjukuu wake afya. Lakini ndani ya mazungumzo hayo mlikuwa na tiba ya utambuzi na tabia: kulitambua wazo linaloumiza, kulipima, kulibadilisha, kisha kulifanyia zoezi kabla ya ziara ijayo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, asilimia 23 ya waliopata tiba bado walikuwa na sonona. Kwa wenzao waliotembelewa mara zilezile lakini bila tiba hiyo, ilikuwa asilimia 53.

Mkibadilisha hivi na vile, si mnaiharibu? Iliyofanyiwa utafiti ni ile ya asili.

Hofu yako ina msingi. Ndiyo maana lazima ujue kwanza ni kitu gani ndani ya tiba kinachoponya. Kusini mwa Uganda, katika utafiti wa vijiji 30 uliochapishwa mwaka 2003, watu wa vijiji 15 walikutana katika vikundi kila wiki kwa wiki 16. Tiba yenyewe huihusisha huzuni ya mtu na jambo lililotokea kati yake na wenzake: msiba, ugomvi, au maisha yaliyogeuka ghafla. Hilo halikuguswa. Kilichobadilika ni namna ya kulifikia. Marehemu hasemwi vibaya, kwa hiyo mfiwa hakuulizwa moja kwa moja ni lipi lililomuudhi kwa aliyefariki. Na pale ambapo mke kumkabili mumewe uso kwa uso kungemletea balaa, kikundi kilitafuta njia za kuzunguka. Sonona ilipungua sana kuliko katika vijiji ambavyo havikupata tiba hiyo.

Sasa chukua tiba ya woga uliokithiri. Kiini chake ni kukikabili kidogo kidogo kile kinachokutisha. Mtaalamu akiliondoa hilo kwa madai kwamba "watu wa huku hawataki kusumbuliwa", hapo hajarekebisha kitu, ameimwaga dawa na kubaki na chupa.

Nimtafute mtaalamu wa kabila langu?

Si lazima. Kinachopewa uzito zaidi ni kuzungumza lugha unayoimudu unapokuwa na uchungu. Watafiti Griner na Smith walipojumlisha tafiti 76 za tiba zilizorekebishwa kufuata utamaduni, mwaka 2006, waliona kuwa tiba iliyotolewa katika lugha ya mgonjwa mwenyewe ilifanya vizuri zaidi. Mtu wa kwenu ana faida zake, ila wapo wanaomkwepa kwa sababu hiyohiyo: anamfahamu shangazi yao.

Naamini ugonjwa wangu una chanzo cha kiroho. Nikisema, si nitaonekana mshamba?

Sema. Mtaalamu makini atakuwa amekuuliza kabla hujasema. Arthur Kleinman, daktari wa akili wa Marekani, aliwafundisha wenzake kuuliza: unadhani nini kimesababisha hali hii? Kwa nini ilianza wakati ule? Unachokiogopa zaidi ni nini? Mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa maradhi ya akili wa Marekani uliingiza mahojiano ya maswali 16 ya namna hiyo.

Si adabu tu. Uchambuzi wa Benish na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa marekebisho yanayogusa maelezo ya mgonjwa kuhusu chanzo cha ugonjwa wake ndiyo yenye nguvu zaidi. Devon Hinton, aliyewatibu wakimbizi wa Kambodia nchini Marekani, aligundua kuwa wengi wao shingo ikiuma au wakipata kizunguzungu wanapoinuka, huingiwa na hofu ya kufa, wakiamini kuna upepo unaopanda mwilini. Asiyeuliza habari za shingo angeikosa hofu yenyewe.

Mtaalamu halazimiki kuamini unachoamini. Ila imani yoyote inayoamuru mtu apigwe, afungwe minyororo au aache dawa, hiyo nitaipinga bila haya.

Mnaposema "jamii fulani haisemi hisia zake", si mnatutia wote kapu moja?

Ndiyo, na inaudhi. Kabila au dini humpa mtaalamu swali la kuuliza, haimpi jibu.

Kwetu wataalamu ni wa kuhesabu. Nani atatoa tiba hizi?

Zimbabwe walianza mwaka 2006, chini ya daktari wa akili Dixon Chibanda, na wakawatumia kina bibi, wahudumu wa afya wa jamii. Mgonjwa hukaa na bibi kwenye benchi la mbao katika uwanja wa zahanati. Anayataja matatizo yake yote, anachagua moja, wanakubaliana hatua moja inayowezekana, kisha anarudi kueleza imekwendaje. Baadaye hualikwa kwenye kikundi ambako watu huzungumza huku wakifuma mikoba ya kuuza. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilikuta dalili zimepungua zaidi kwa waliokaa kwenye benchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Lakini usidhani ni kutafuta tu mzee mwenye busara na kumwachia kazi. Bibi hawa walifunzwa, walisimamiwa, na mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua walimpeleka kwa waliowazidi ujuzi. Ukitaka kuanzisha huduma ya namna hii, mtafute msimamizi kwanza, benchi baadaye.